Kilo 21 na nusu: tathmini ya kliniki ndogo ya mifugo, Area D Dodoma

Tathmini hii inahusu kliniki moja ndogo ya mifugo iliyopo Area D, Dodoma, ambako nimempeleka mbwa wangu Bosi mara 14 katika kipindi cha miezi 7. Daktari mwenye kliniki aliniomba nisitaje jina lake wala la kliniki, kwa sababu ana msaidizi mmoja tu na foleni aliyo nayo inamtosha. Nimeheshimu ombi lake, ingawa wanaofuga mbwa Area C, Area D na Ipagala hawatapata shida kumtambua, kwa kuwa ndiye anayewapima mbwa uzito kwenye mizani ya mbuzi.

Bosi ni German Shepherd dume wa miaka 2 na miezi kadhaa, aliyeletwa kwangu kutoka Dar es Salaam akiwa na wiki 8. Dume la aina hii likishakomaa huwa na kilo 30 hadi 40. Alikua vizuri hadi alipokaribia mwaka mmoja na nusu, kisha akaanza kurudi nyuma: nyama za mapaja zikanywea, mifupa ya nyonga ikachomoza, na alipolala juani uani kwetu mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umekaa barazani. Kilichotutatiza ni kwamba hakuacha kula. Alimaliza sufuria nzima ya ugali wa dona na dagaa, akailamba, akaenda kupekua ndoo ya taka, na mwishowe, msomaji aliye mezani aniwie radhi, akaanza kula kinyesi chake mwenyewe. Kinyesi chenyewe kilikuwa kingi kuliko chakula alichopewa, laini, cha rangi ya njano iliyofifia kuelekea kijivu, na kilikuwa na mafuta kiasi kwamba maji ya kuoshea sakafu ya banda yalibaki na utando juu. Usiku tumbo lake lilinguruma hadi tukalisikia chumbani. Jirani yangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinisimamisha getini akaniuliza kama yule mbwa analishwa kweli au anashindia upepo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kabla ya kufika kliniki nilipoteza karibu miezi 2 kwenye duka moja la dawa za mifugo. Muuzaji, bila kumwona mbwa, aliniuzia vidonge vya minyoo, kisha unga wa vitamini unaokusudiwa kuku, na mara ya tatu akajitolea kuja nyumbani kumchoma Bosi sindano ya ivamektini, ile ile ya ng'ombe, kwa kipimo cha kukadiria kwa macho. Nashukuru siku hiyo hakutokea. Baadaye daktari alinieleza kwamba mbwa wengi wa jamii ya Collie, na baadhi ya German Shepherd pia, huzaliwa na kasoro ya jeni iitwayo MDR1 ambayo huiachia dawa hiyo njia ya kupenya hadi kwenye ubongo, na kwamba mbwa wa namna hiyo akizidishiwa anaweza kuyumba, kutetemeka, kupoteza fahamu na hata kufa. Bosi hajapimwa kasoro hiyo, kwa hiyo kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asichomwe dawa hiyo pasipo daktari kuulizwa.

Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida ya vyumba vinne. Mgonjwa husubiri kwenye benchi la nje chini ya mwarobaini, pamoja na mbuzi, majogoo kwenye matenga na, siku moja, ndama aliyebebwa kwenye bajaji. Mwenye mbwa mkali ajipange, maana hakuna sehemu ya kuwatenganisha. Siku ya kwanza nilisubiri saa 1 na dakika 40.

Ndani, hata hivyo, nilikutana na utaratibu ambao sikuuona kwingine kokote. Daktari hakushika sindano wala hakufungua kabati. Alimpima Bosi, akapata kilo 21 na nusu, kisha akampapasa mgongo, mbavu na kiuno kwa viganja viwili taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kukinunua, akaandika kwenye kadi alama 2 kati ya 9, akinieleza kwamba mbwa mwenye mwili unaofaa hupewa 4 au 5. Kisha yakaja maswali, na maswali ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote: anakula nini, kiasi gani, mara ngapi, nani anampa, choo anapata mara ngapi kwa siku na kinafananaje, anatapika au hatapiki, amewahi kuwa na kupe, ndugu zake wa tumbo moja wana hali gani. Swali hilo la mwisho nililiona la ajabu. Aliniambia, "Mzee, mbwa asiyekula akakonda ana njia yake, na mbwa anayekula sana akakonda ana njia nyingine. Huyu wako ameshika ile ya pili, lakini tuanze na vilivyo karibu kwanza."

Vilivyo karibu, kwa mbwa wa Dodoma, ni minyoo na kupe. Alichukua kinyesi, akakikoroga kwenye maji ya chumvi na kukipitisha kwenye kichujio, akasubiri, akaniita nichungulie kwenye hadubini: vijiyai vichache vyenye ganda jembamba, ambavyo alisema ni vya safura. Alitoa tone la damu sikioni, akalipaka kwenye kioo kutafuta vijidudu vya homa ya kupe, hakuviona. Kwa ile safura alitoa fenbendazoli kwa siku 3, kwa kipimo kilichokokotolewa kutoka kwenye uzito wa mizani, lakini alinitahadharisha pale pale kwamba mayai machache namna ile hayatoshi kueleza mbwa aliyepoteza theluthi ya mwili wake. Nilipoomba antibayotiki, kwa kuwa nilizoea kuuziwa, alikataa. Bili ya siku hiyo ilikuwa shilingi 38,000, na kila kipengele kiliandikwa kwenye risiti.

Baada ya wiki mbili na nusu kinyesi hakikuwa na mayai tena, na Bosi alikuwa na kilo 21.2. Hapo ndipo daktari alipotaja kongosho.

Wengi wetu tunalijua kongosho kwa sababu ya kisukari, na mimi nilidhani ndicho anachokisema. Sicho. Kongosho lina kazi mbili: moja ni kutoa insulini inayoingia kwenye damu, nyingine ni kutengeneza vimeng'enya vinavyomiminwa kwenye utumbo ili kuvunja mafuta, protini na wanga. Kwa baadhi ya mbwa, sehemu ile inayotengeneza vimeng'enya hunyauka yenyewe katika miaka ya ujana wao, ilhali ile ya insulini hubaki salama. German Shepherd na Collie wa manyoya marefu ndio wanaojulikana zaidi kwa tatizo hili. Dalili hazijitokezi mapema, kwa sababu kongosho lina akiba kubwa; ni pale karibu asilimia 90 ya uwezo huo inapokuwa imepotea ndipo mbwa anapoanza kukonda. Chakula hupita kama kilivyoingia, na mwenyewe anakufa njaa sufuria ikiwa mbele yake.

Kipimo chake kinaitwa TLI, kinachoonyesha kiasi cha kimeng'enya cha kongosho kilichomo kwenye damu. Hupimwa kwenye damu, na mbwa lazima awe amefunga kula kwa saa 12, jambo ambalo kwa Bosi lilihitaji kumfungia stoo usiku kucha, naye akatafuna ndala. Kliniki haikuwa na uwezo wa kukifanya. Majimaji ya damu yalitenganishwa, yakawekwa kwenye kisanduku cha barafu, yakasafirishwa Dar es Salaam na kutoka huko kupelekwa maabara ya nje ya nchi. Gharama yote, pamoja na usafiri, ilikuwa shilingi 310,000, na daktari aliitaja kabla hajachukua damu, akaniambia nikitaka kwenda kufikiri niende. Aliongeza kwamba endapo majibu yangekuja mazuri, hatua inayofuata ingekuwa kunipa barua ya kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa vipimo vya utumbo ambavyo yeye hana vifaa vyake. Nilithamini sana kuambiwa mapema mahali ambapo uwezo wake unaishia.

Majibu yalikuja baada ya siku 23. Chini ya 2.5 kwenye kipimo hicho ugonjwa unahesabiwa kuwa umethibitika. Bosi alikuwa na 1.3.

Hapa nina lawama ya kweli kwa kliniki. Kwa siku hizo 23 tulikaa tukisubiri, Bosi akapungua hadi kilo 20.6, na nilipouliza baadaye kama tungeweza kuanza tiba mara tu damu ilipochukuliwa, daktari alikiri kwamba ingewezekana, kwa sababu vimeng'enya vinavyopewa kwa mdomo haviathiri kipimo hicho, achilia mbali sampuli iliyokwisha kuondoka. Alisema alihofia nitakimbilia kuridhika na kuacha kufuatilia majibu. Naielewa hofu hiyo, maana wapo wafugaji wa namna hiyo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha lipa laki tatu na ushee. Haingekuwa rahisi kuzisahau.

Tiba iko ya aina mbili, na zote nimezijaribu. Ya kwanza ni unga wa vimeng'enya uliotengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe, unaochanganywa na chakula kila mlo, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa. Kliniki iliniagizia kopo la gramu 200 kwa shilingi 240,000. Kwa vijiko 2 asubuhi na 2 jioni liliisha kwa siku 18. Sitadanganya, unga ulifanya kazi haraka kuliko nilivyotegemea: siku ya nne kinyesi kilishikana, siku ya saba tumbo liliacha kunguruma, na kijana anayetusaidia kusafisha banda alikuja mwenyewe kuniambia kwamba fagio limepata likizo. Dosari ilikuwa moja. Wiki ya pili niliona damu kidogo kwenye fizi za Bosi. Kumbe unga usipolowana vizuri na chakula huanza kumeng'enya mdomo wa mlaji, na hili kliniki ilipaswa kuniambia siku ya kwanza badala ya kusubiri nipige simu. Tulianza kuulowesha na maji ya vuguvugu, tukapunguza kipimo kidogo kwa ushauri wa daktari, na vidonda vikapona ndani ya wiki. Nilijaribu pia vidonge vya binadamu vyenye vimeng'enya hivyo hivyo kutoka duka la dawa. Vingi vimefunikwa ili visiyeyuke tumboni, na kwa Bosi havikuleta nafuu ya maana.

Aina ya pili ni kongosho bichi la ng'ombe, na hapo ndipo daktari alipojipatia heshima yangu, kwa sababu alikuwa anajinyima mauzo ya kopo alipoipendekeza. Alinipa masharti matatu: linunuliwe mahali ambapo nyama imekaguliwa, ligandishwe kabla ya kutumika, na lisipikwe kamwe. Kongosho la nguruwe bichi alilikataza kabisa kwa sababu ya virusi vinavyoweza kumuua mbwa. Kwa kuwa matumbo mabichi ya wanyama yanaweza pia kuwa na malengelenge ya tegu, aliniagiza nimpe Bosi prazikwanteli kwa ratiba aliyoipanga yeye mwenyewe.

Nilikwenda machinjioni Kizota saa 12 asubuhi, nikawakuta vijana wa upande wa matumbo na mabuti yao ya mpira, maji yakitiririka sakafuni. Nilipoomba kongosho, mmoja aliniamkia vizuri, akaenda na kurudi na bandama. Nikamwambia sio. Akaleta kipande cha ini. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaiinamia, akacheka, akamwita mwenzake: "Njoo uone, mzee anataka kile tunachokitupa na mafuta!" Aliingiza mkono penye mkunjo wa mwanzo wa utumbo, karibu na tumbo, akatoa kitu kirefu, laini, cha rangi ya waridi iliyofifia, chenye vinundu vidogo vidogo kama mayai ya samaki, kimezungukwa na mafuta meupe. Alinipa vitano siku hiyo, akakataa hela, akisema hajawahi kukiuza na hajui bei yake. Wiki iliyofuata bei alikuwa ameshaijua: shilingi 1,500 kimoja. Simlaumu.

Kimoja, kikishaondolewa mafuta, kilikuwa na gramu 250 hadi 300 kwenye mizani yangu ya jikoni. Ninakikatakata vipande vidogo sana kikiwa bado kimeganda nusu, kwa sababu kikiyeyuka kabisa kinateleza na kisu hakishiki, kisha nafunga gramu 80 kwa kila mfuko na kurudisha kwenye friza. Mifuko 2 kwa siku ni kama makongosho 17 hadi 18 kwa mwezi, yaani chini ya shilingi 30,000, dhidi ya karibu laki nne kwa unga wa kopo. Matokeo, kwa macho yangu na kwa mizani ya kliniki, hayatofautiani. Anayesafiri mara kwa mara, au ambaye umeme wa mtaani kwake haueleweki, atahitaji kopo moja la akiba, ninalo langu.

Sharti la kutopika tulilivunja mara moja. Mimi nilikuwa safarini Singida, na shemeji yangu aliyekuja kutusaidia, mama mwenye moyo mzuri, alichukia kumwona mbwa akila nyama mbichi ndani ya uzio wa watu wastaarabu, akaichemsha kwa siku 3 pamoja na wali, akatia na chumvi. Niliporudi nilipokelewa na harufu ile ya zamani tangu getini. Moto huua vimeng'enya. Kilichobaki baada ya kuchemshwa ni kitoweo tu.

Chakula nacho kilibadilika. Dona, ambayo wengi tunaamini ndiyo yenye nguvu, ina makapi mengi, na kwa mbwa wa aina hii makapi huzuia kazi ya vimeng'enya. Sasa Bosi anakula wali mweupe uliolainika na nyama ya steki au kuku bila ngozi, kwa milo 2 inayolingana, na hapewi kitu katikati, kwa kuwa hata kipande cha mkate kisicho na vimeng'enya ni hasara. Alichomwa pia vitamini B12 mara moja kwa wiki kwa wiki 6, kisha mara moja baada ya mwezi, kwa sababu ugonjwa huu huambatana na upungufu wake na bila kuurekebisha mbwa hanenepi ipasavyo. Mwezi wa pili kinyesi kililegea tena bila sababu ya chakula, na hapo ndipo daktari alipotoa antibayotiki kwa mara ya kwanza, tailosini, ambayo wafugaji wa kuku wanaifahamu. Ni chungu mno. Tulimfichia ndani ya mnofu, naye akatema unga na kumeza mnofu, kwa hiyo ikabidi tununue vidonge vitupu vya kuujazia.

Kuhusu urithi, daktari alizungumza kwa uangalifu ambao ningependa kuusikia kwa wauzaji wa watoto wa mbwa. Zamani ilidhaniwa kwamba unyaukaji huu unarithiwa kwa njia rahisi, jeni moja kutoka kwa kila mzazi. Sasa inajulikana kwamba mambo ni magumu kuliko hivyo, na mzazi anaweza kuonekana mzima kabisa. Hata hivyo, kwamba unafuata ukoo halina ubishi, ndiyo sababu ya lile swali lake kuhusu ndugu wa Bosi. Alinishauri nimhasi na nimfahamishe aliyeniuzia. Nilimhasi alipofika kilo 28. Upasuaji ulikuwa safi, mshono wa sentimita kama 4, nyuzi zikatolewa siku ya 10. Aliyeniuzia alipokea simu, akasikiliza, akasema mbwa wake hawana ugonjwa wowote, akakata. Wiki hiyo hiyo alitangaza watoto 7 wa mama yule yule.

Nirudi kwenye kliniki. Kipimo cha TLI hakifanyiki hapo na mgonjwa anapaswa kujua hilo. Friji ya chanjo ina betri, lakini simu ya daktari haina: ukipiga baada ya saa 11 jioni haipokelewi, na hakuna mbadala wa usiku, kwa hiyo mwenye mbwa aliyegongwa na pikipiki saa 3 usiku asiitegemee. Kadi za wagonjwa ni za karatasi, na ya kwetu ilipotea mara moja kwa siku 2, ikaonekana ndani ya daftari la chanjo za kuku. Kwa upande mwingine, katika ziara zote 14 sikuwahi kuuziwa dawa ambayo haikuelezwa, wala Bosi hakuwahi kushikwa bila kupimwa uzito kwanza, hata siku tulipofika kuchukua dawa tu na mbuzi wanne wakiwa wanasubiri mizani ile ile.

Jumla niliyotumia hapo, ukiacha makongosho ya Kizota, ni shilingi 912,000 kwa miezi 7, ikiwa pamoja na kipimo cha nje, kopo 2 za unga na upasuaji. Ni fedha nyingi kwa mbwa, na mke wangu amenikumbusha hilo. Jumamosi iliyopita Bosi alipanda mizani akiwa na kilo 31.4, daktari akampapasa mgongo kama kawaida yake, akaandika 4, kisha akasema nisilete tena kabla ya miezi 3 isipokuwa kwa dawa ya minyoo.